Mchele usiopikwa

Kwa Wabukusu wa Kenya, kuanzia Bungoma hadi Kwanza na Kitale, wazee walinywa busaa wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Ambaye angetia dawa humo angewalaza wote. Baa ilileta chupa ya mtu mmoja, na chupa hiyo hubaki mezani mwenyewe akienda msalani.

Hapo ndipo "mchele" ulipopata nafasi: dawa ya usingizi inayotiwa kwenye kinywaji ili mnywaji asinzie, aibiwe. Inayotajwa sana ni Rohypnol, bugizi kwa lugha ya mtaani.

Rohypnol ni ndugu ya Valium, dawa ya kutuliza. Ukoo huo ulianzia maabara ya kampuni ya Roche huko New Jersey, Marekani, ambako mwanakemia Leo Sternbach alikuwa ameiacha kemikali moja rafuni. Ikakumbukwa 1957 walipokuwa wakifanya usafi. Iliingia sokoni 1960 kwa jina la Librium, Valium ikafuata 1963. Kufikia 1978 Wamarekani walikuwa wakimeza zaidi ya vidonge bilioni mbili vya Valium kwa mwaka.

Valium yenyewe haistahili matusi. Mtoto aliyeshikwa na degedege hupewa dawa hii kwa njia ya haja kubwa, na mgonjwa wa pepopunda hulegezwa misuli nayo. Shida yake ni kukawia. Nusu ya dozi huweza kuchukua siku mbili kutoka mwilini, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayolevya na kukaa muda mrefu zaidi. Anayemeza kila usiku huilimbikiza. Mzee hupepesuka mchana akaanguka, dereva akasinzia kwenye usukani. Aliyeizoea kwa miezi akiacha ghafla hutetemeka, hukesha, na anaweza kupata kifafa, yaani balaa lile lile ambalo dawa hutuliza. Ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo.

Dawa za ukoo huu zikikutana na pombe, pumzi huweza kukatika.

Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti dawa za kulevya mwaka 1994. Lakini mchele huiba pia kumbukumbu, na polisi huhitaji maelezo. Mkojo huonyesha dalili za dawa kwa siku chache tu, tena kwa kipimo makini. Aliyelala siku nzima, kisha akaona haya kueleza alikuwa baa gani na nani, hufika kituoni ushahidi ukiwa umeshamtoka.