Alusi wa Waigbo: sanamu zisizo na mwenyewe mmoja

Kusini-mashariki mwa Nigeria, katika nchi ya Waigbo, vijiji vingi vya zamani vilikuwa na nyumba ya mizimu, na ndani yake wamesimama watu wa mti. Baadhi ni wa kimo cha mtoto, wengine wanalingana na mtu mzima. Shingo ndefu, mwili umenyooka, mikono imetolewa mbele na viganja viko wazi. Hao ndio alusi. Kuna sehemu hutamkwa arusi, lakini msomaji asitazamie pilau wala ngoma: ni sauti tu zimekutana.

Alusi kwanza si jina la sanamu. Ni jina la nguvu zisizoonekana, zilizo chini ya Chukwu, Mungu mkuu. Kuna za mito, za misitu, za masoko, na za waasisi wa vijiji. Mkubwa wao ni Ala, ardhi yenyewe, anayelinda miko: mtu akimuua ndugu yake au akiiba viazi vikuu shambani, amemkosea Ala kabla ya kumkosea binadamu. Sanamu ni mahali pa nguvu hiyo kukaa watu wanapotaka kusema nayo.

Kwa masikio ya pwani neno sanamu ni zito, na wamisionari waliofika huko waliona jambo moja tu, watu wanausujudia mti. Waigbo wenyewe walitofautisha. Wana msemo kwamba mungu akizidi makali huonyeshwa mti aliochongwa. Maana yake, watu ndio waliomtengenezea kiti, na akishindwa kazi watu hao hao wanaweza kumuondoa.

Wachongaji walikuwa wanaume. Mti uliopendwa ni iroko, ambao sisi tunauita mvule, kwa sababu mchwa wanaushindwa. Sanamu ikishachongwa hupakwa rangi, nyeupe, nyekundu, njano na nyeusi. Ukiitazama vizuri inakueleza ni mtu wa cheo gani. Mistari iliyochanjwa kwenye paji la uso, inayoitwa ichi, ni alama ya wanaume wenye vyeo. Mapambo ya mwilini hufuata uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo walijichora kwa maji ya tunda, mfano wa piku na hina kwetu. Bangili nene za miguuni ni za pembe za ndovu, mali ya wenye uwezo. Vile viganja vilivyofunguliwa hufasiriwa kwa namna zaidi ya moja: huyu hafichi kitu, yuko tayari kutoa, na pia yuko tayari kupokea sadaka.

Mara nyingi hawakai peke yao. Huwekwa kama jamaa, mume, mke, watoto na watumishi, na wengine hubeba majina ya siku za soko, Eke, Orie, Afo na Nkwo, maana juma la Kiigbo lina siku 4. (Wazee wa Kimijikenda nao walihesabu siku 4, na Jumwa ni mojawapo.) Kila mwaka alusi hutolewa nje, huoshwa, hupakwa rangi upya, huvishwa nguo na kupelekewa kokwa za kola na damu ya kuku.

Kuhani huwatunza, lakini si mali yake. Hata aliyelipa mchongaji si mwenyewe. Mwenyewe ni kijiji, pamoja na waliokufa na ambao hawajazaliwa. Hapo ndipo alusi anapotofautiana na ikenga, sanamu ndogo yenye pembe na kisu mkono wa kulia, ambayo ni ya mwanamume mmoja, nguvu ya mkono wake wa kazi. Katika baadhi ya sehemu mtu akifa ikenga wake hupasuliwa, basi.

Sasa jiulize nani anaweza kumuuza alusi.

Vita vya Biafra, kuanzia 1967 hadi Januari 1970, vilijibu swali hilo kwa mabavu. Watu walikimbia vijiji, njaa ikaua kwa wingi, na nyumba za mizimu zikabaki bila mlinzi. Sanamu nyingi zilivuka mpaka na kuishia kwa wafanyabiashara wa Ulaya. Juni 2020 nyumba ya mnada ya Christie's, jijini Paris, iliuza alusi wawili, mume na mke, kwa yuro 212,500. Profesa Chika Okeke-Agulu wa Chuo Kikuu cha Princeton, ambaye ni Muigbo, alipinga mapema, akisema zilitoka nchini wakati wa vita na ni mali ya wizi. Christie's walishikilia kuwa mauzo ni halali. Mimi naona hoja ya karatasi haitoshi: risiti ya mwaka 1969 inaonyesha nani alilipa, haionyeshi kijiji kilikubali.

Sisi tunaijua hadithi hii kwa jina la vigango. Mbao zile za kumbukumbu ya wazee wa gohu wa Kigiriama nazo ziling'olewa na kuuzwa hadi Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurudisha 30, na vilifika Kenya 2019.

Kurudisha nako kuna mtihani wake. Waigbo wengi leo ni Wakristo, na wapo wahubiri ambao mpaka sasa huenda vijijini na petroli kuchoma alusi waliobaki, mara nyingine kwa ruhusa ya ukoo wenyewe. Wengine katika koo hizo hizo huwaficha usiku. Alusi atakayeshushwa uwanja wa ndege kesho atakuta wanawe wamegawanyika, na nyumba yake huenda imeshajengwa kanisa.