Nantes: Mto Uliofukiwa na Majina ya Meli

Mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, uliota pale ambapo mto Loire uligawanyika mikono mingi, kilomita 50 hivi kabla ya kufika Bahari ya Atlantiki. Ukienda leo kuitafuta mikono hiyo katikati ya mji, mingi huioni. Kuanzia mwaka 1926 hadi miaka ya 1940 waliifukia, wakapitisha barabara juu yake. Ndiyo maana kuna mtaa unaitwa Kisiwa cha Feydeau na hauna hata tone la maji pembeni.

"Kisiwa gani hiki watu wanakifikia kwa tramu?" mwenzangu aliuliza.

Yeye ni binti wa Mombasa, anasoma huko. Mimi ni mtu wa bara, niliacha chuo kabla ya kumaliza shahada, na sasa naishi kwa makala, mwezi yanapolipwa. Nilikuwa nimemtembelea na tulikuwa na siku moja ya kuzurura. Tukakubaliana: yeye atachagua njia, mimi nitasimulia historia, na chakula tutalipa nusu kwa nusu.

Tulianza na ngome ya watawala wa Brittany. Ina handaki, kuta nene na minara ya mviringo, lakini ukiingia uani unakuta jumba jeupe la kifahari. Hapo ndipo alipozaliwa Anne wa Brittany mwaka 1477, mwanamke aliyeolewa na wafalme wawili wa Ufaransa kwa zamu, Charles VIII kisha Louis XII. Na ni katika mji huu, mwaka 1598, ambapo Henri IV alitoa Amri ya Nantes. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamechinjana kwa zaidi ya miaka 30. Amri ile iliwapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu, ingawa kwa mipaka.

Mjukuu wake, Louis XIV, aliifuta mwaka 1685. Watu wengi hukomea hapo wakisimulia. Lakini mwaka huohuo, mfalme huyohuyo alitoa sheria nyingine iliyokuja kujulikana kama Code Noir, ya kusimamia watumwa katika makoloni. Sheria hiyo ilitaka mtumwa abatizwe awe Mkatoliki, halafu ikamhesabu kuwa mali ya kuhamishika, kama kiti au meza. Yaani ana roho ya kuokolewa, na bado anaweza kugawanywa katika urithi pamoja na vyombo vya nyumba.

Ndani ya ngome kuna makumbusho ya historia ya mji, yaliyofunguliwa mwaka 2007. Hapo utaona mchoro wa meli ya Nantes iitwayo Marie-Séraphique, iliyopakia mateka 307 huko Loango, pwani ya Kongo. Mchoro ni msafi mno. Mapipa yamepangwa chini, watu wamepangwa juu yake, na rangi zimetiwa kwa uangalifu. Aliyeuchora hakuwa akilaumu mtu. Alikuwa akionyesha kazi iliyofanywa vizuri.

Mwenzangu yeye alisimama zaidi kwenye vitambaa. Karne ya 18 Nantes ilikuwa na viwanda vya kupiga chapa pamba kwa kuiga nguo za Bara Hindi, zenye maua na ndege. Meli zilipeleka vitambaa hivyo Afrika pamoja na bunduki, pombe kali na kauri zilizovuliwa Maldivi. Afrika walinunua watu. Watu wakauzwa Karibi, na meli zikarudi Nantes na sukari na kahawa.

"Kitie pindo na jina," akasema, "leso hiyo."

Baada ya hapo, Feydeau nilikitazama kwa jicho jingine. Majumba yake ni ya wafanyabiashara wa karne ile ile, mawe meupe, roshani za chuma. Mengine yameinama, maana yalijengwa juu ya mchanga wa mto. Juu ya madirisha na milango kuna sura za watu zilizochongwa, na baadhi ni sura za Waafrika. Kwenye kisiwa hichohicho alizaliwa mwandishi Jules Verne mwaka 1828. Riwaya yake iliyomtoa, ya mwaka 1863, ni ya wasafiri wanaoivuka Afrika kwa puto, na safari yao inaanzia Zanzibar. Verne hakuwahi kufika. Lakini mtoto aliyekulia kwenye mji wa meli, majina ya mbali kwake ni kama ya jirani.

Jioni tukashuka Quai de la Fosse, gati ambalo meli zilikuwa zikifunga. Tangu mwaka 2012 kuna kumbukumbu ya ukomeshaji wa utumwa hapo. Juu, kwenye njia ya kutembelea, vipande 2,000 vya kioo vimetiwa ardhini. Vingi vina majina ya meli zilizotoka Nantes kwenda kununua watu, pamoja na tarehe, na vilivyobaki vina majina ya vituo na bandari. Unavikanyaga bila kutaka. Kisha unashuka ngazi hadi chini ya gati, na mto unausikia upande wako. Ukutani kuna maandishi ya kupinga utumwa. Ufaransa iliukomesha mwaka 1794, Napoléon akaurudisha mwaka 1802, na ukakomeshwa tena kabisa mwaka 1848.

Nikamwambia kwamba majina ya meli yamebaki kwa sababu wenye meli waliandika hesabu. Waliopakiwa waliandikwa idadi tu.

"Na walouza je?" akaniuliza. "Wao wako ukuta gani?"

Swali la haki hilo. Mwaka 1776 Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa alifunga mkataba na Mfaransa mmoja, Morice. Morice angepewa watumwa 1,000 kila mwaka, piastra 20 kwa kila mtu, kwa miaka 100. Hao walikuwa wa mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Mkataba wenyewe haukudumu, ila biashara iliendelea, na kabla ya karne ile kwisha meli za Ufaransa zilikuwa zikipeleka watu wa Msumbiji hadi Saint-Domingue, Haiti ya leo. Bendera ilikuwa ya Ufaransa. Mlango wa nyumba ulifunguliwa na wenyeji.

Alinyamaza kidogo, halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka mitatu ya kuwa naye. Kwao husema asili yao ni Kilwa, na hutajwa kwa fahari, kwa sababu Kilwa ni mji mkongwe wenye heshima. Ukiuliza walifikaje Mombasa, unajibiwa, "Kwa jahazi." Utotoni aliuliza tena: walikuja kama abiria au kama mzigo? Bibi yake alimtuma dukani akanunue chumvi, na chumvi ilikuwepo.

"Wazee wako wakija kuposa," akasema, "wataulizwa asili yao, na wao watauliza yetu."

"Wataambiwa Kilwa."

"Wataambiwa Kilwa na baba. Mimi nataka waambiwe na lililobaki. Wakiondoka, na waondoke wakijua."

Nikamwambia nitawapigia simu wao kwanza, kabla hawajapanda gari moshi. Akanitazama kuona kama natania. Kisha akauliza nitaanza kwa maneno gani, tukakaa kwenye ngazi za gati tukiyapanga, sentensi kwa sentensi, mpaka baridi ikatufukuza.