Zanzibar: miaka 59 bila ulingo

Tarehe 27 Agosti 2023 kengele ya ngumi iligongwa katika Uwanja wa Mao Zedong mjini Unguja, na mabondia wakapigana hadharani kwa ruhusa ya serikali. Kwetu huku Bara jambo hilo lisingekuwa habari. Kwa Wazanzibari lilikuwa la kihistoria, kwani mchezo huo ulipigwa marufuku visiwani baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, chini ya Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifikisha miaka 59 bila kuona pambano la ngumi katika ardhi ya kwao, labda awe amepanda boti kuja Dar es Salaam.

Sababu inayotajwa na wengi ni kwamba Mzee Karume aliona si ustaarabu binadamu wawili kupigana huku wenzao wakishangilia. Tusiicheke hoja hiyo, kwa maana hakuwa peke yake duniani. Iceland, ambayo nayo ni nchi ya kisiwa, ilipiga marufuku ngumi mwaka 1956 na ikaja kuruhusu zile za ridhaa mwaka 2002. Sweden ilifuta ngumi za kulipwa mwaka 1970, na Norway mwaka 1981. Cuba ilifanya hivyo mwaka 1962, lakini yenyewe ilibakiza ngumi za ridhaa na kuzigharimia, na matunda yake ni Teófilo Stevenson, aliyechukua medali za dhahabu za Olimpiki mara tatu mfululizo, 1972, 1976 na 1980. Zanzibar haikutenganisha ridhaa na malipo. Ilifunga mlango wote.

Hata hivyo, visiwa hivyo havikuwa na uhaba wa watu wanaopenda kupimana nguvu. Kule Makunduchi, kila mwaka katika sherehe za Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa mikungu ya migomba mchana kweupe, na wakimaliza huenda wakala pamoja. Pemba wana mchezo wa ng'ombe. Judo nayo ilipata nafasi: Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia Unguja, aliwafundisha vijana mchezo huo kwa miaka mingi, bila mtu kusema kwamba ni ushenzi. Kumwinua mwenzio na kumbwaga chini ilikuwa halali, kumpiga ngumi ya shavu ilikuwa haramu. Mimi sijaiona mantiki yake mpaka leo.

Jambo ambalo wasikilizaji wangu wengi huwa hawalijui ni kwamba michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Bara tuna Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Zanzibar ina baraza lake. Ndiyo maana marufuku ile haikuvuka bahari. Katika Jamhuri moja, yenye bendera moja na jeshi moja, kijana wa Temeke alivaa glavu na kuitwa mwanamichezo, na kijana wa Ng'ambo, Unguja, akivaa glavu zile zile nyumbani kwao alikuwa mvunja amri.

Na miaka hiyo ndiyo ngumi za Tanzania zilipopata jina. Mwaka 1970 kule Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi na medali ya fedha. Aliyemshinda alikuwa John Conteh wa Uingereza, ambaye miaka minne baadaye alitwaa ubingwa wa dunia. Mwaka 1998 mjini Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alichukua dhahabu ya uzito wa bantam. Medali hizo ziliandikwa Tanzania, na Zanzibar ni Tanzania. Lakini mazoezi yaliyozizaa yasingeweza kufanyika Unguja.

Nikiwa mkazi wa bonde hili la Kilombero nimeona jinsi mchezo huu unavyorithishwa. Hapa Kidatu kuna vijana wanaofanya mazoezi jioni chini ya mwembe, na gunia lao la kupiga wamelijaza maranda ya mbao. Mwalimu wao ni mzee mmoja aliyepitia jeshini. Yeye alifundishwa na koplo wake, na koplo yule alifundishwa na waliokuwa KAR enzi za mkoloni. Jeshi hilo ndilo lililosambaza ngumi sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Idi Amin mwenyewe alitokea huko akiwa bingwa wa uzito wake nchini Uganda. Kwa hiyo kijana wa Kidatu anapoambiwa ainue mkono wa kushoto alinde kidevu, anaambiwa kitu kilichopokezanwa kwa vizazi vitatu au vinne. Hakukisoma kitabuni. Akiiva hupanda basi, akapitia Mikumi hadi Morogoro mjini, ambako atawakuta waliomtangulia. Huko ndiko alikong'ara Francis Cheka, aliyeshinda taji la WBF mwaka 2013, na ndiko nyumbani kwa Twaha Kiduku.

Sasa fikiri mnyororo huo ukikatwa mwaka 1964. Bondia wa Unguja aliyekuwa na miaka 25 hakuruhusiwa kupigana, hivyo hakupata wanafunzi. Alipozeeka hapakuwa na kijana wa kumwuliza jinsi ya kukwepa ngumi ya kulia. Marufuku ikiondolewa, serikali inaweza kukurudishia ruhusa kwa siku moja, lakini haiwezi kukurudishia mwalimu.

China yanitosha kuwa mfano. Nayo iliufuta mchezo huu katika miaka ya 1950, wakati wa Mao, yule yule ambaye jina lake liko kwenye uwanja uliofungua ngumi Unguja. (Historia nayo ina mizaha yake.) Muhammad Ali alikwenda kule mwaka 1979 akaonana na Deng Xiaoping, na mwaka 1986 ngumi zikaruhusiwa. Medali yao ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya Zou Shiming, ilipatikana Athens mwaka 2004, yaani baada ya miaka 18. Dhahabu ikafuata Beijing mwaka 2008. Na China ni taifa la watu zaidi ya bilioni moja, lenye fedha na shule maalumu za michezo.

Ndiyo sababu nina wasiwasi na namna Zanzibar ilivyoanza. Pambano la Agosti 2023 lilikuwa la kulipwa, na kati ya waliopanda ulingoni alikuwamo Karim Mandonga, yule mwenye maneno mengi. Januari 2024 Hassan Mwakinyo wa Tanga akapigana huko na kumshinda Mbiya Kanku wa Kongo. Watu walijaa, taa ziliwaka, mapromota walifurahi. Sina ugomvi na hayo, bondia naye anakula. Lakini Mwakinyo akishapokea mkanda anarudi kwao. Kinachobaki Unguja na Pemba ni vijana wanaotaka kuanza, na wao wanahitaji ngumi za ridhaa: klabu za mitaa, waamuzi waliosomea kazi, daktari pembeni ya ulingo, na mashindano ya shule yanayopangwa kila mwaka. Medali mbili za shaba walizoleta Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe kutoka Birmingham mwaka 2022 zilitokana na ngumi za ridhaa, siyo usiku wa mapromota.

Lipo deni jingine. Aliyekuwa na miaka 20 Mapinduzi yalipofanyika amekwisha kuvuka themanini. Kama yupo mzee wa Unguja au Pemba aliyewahi kupanda ulingoni kabla ya 1964, au mwanawe aliyetunza picha na glavu zake, naomba aniandikie kupitia gazeti hili. Nitamsoma redioni kwa jina lake akipenda, na vijana wa huko watajua wa kwenda kumwuliza.