Masista Waliokwenda Kwanza Kujifunza: Shule ya Wasichana Viziwi ya Cabra



Katika masomo yetu ya pedagojia tulifundishwa kwamba mwalimu hutayarisha somo lake kabla ya kuingia darasani. Hatukufundishwa afanye nini ikiwa mwanafunzi hasikii hata neno moja la somo hilo. Tulipokuwa wachanga katika kazi ya ukatekista, mama mmoja alituletea binti yake kiziwi ili ajiandae kwa Komunyo ya Kwanza. Tulimpokea kwa moyo mwema, tukamketisha kwenye benchi la mbele, tukamsemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba kelele zingefungua masikio yake. Mwisho wa mwaka alijua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, kwa sababu aliwatazama wenzake. Alichokielewa juu ya Yesu hatukukijua, wala hatukuwa na njia ya kumwuliza. Lakini mlangoni mwa kanisa, kila Dominika, tulimwona akizungumza na mdogo wake kwa mikono, haraka haraka, huku wakicheka. Haikutujia hata siku moja kumwomba mdogo yule atufundishe ishara mbili tatu. Kabla ya Kipaimara binti huyo aliacha kuja.

Kosa hilo ni letu, na ndilo lililotusukuma kutafuta jinsi Wakristo wengine walivyofanya kazi hiyo kabla yetu. Leo tunawasimulia habari za shule moja ya Kikatoliki ya wasichana viziwi. Ilianzishwa na masista Wadominikani mahali paitwapo Cabra, katika mji wa Dublin, nchini Ireland. Ndani ya historia yake mna fahari na mna huzuni, na vyote viwili vinatufaa.

Njia iliyotoka Paris

Kwa karne nyingi watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba mtu asiyesikia hawezi kufikiri sawasawa, wala kuijua imani. Mnamo mwaka 1760 hivi, padri mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alikutana na mabinti wawili ndugu waliokuwa viziwi. Alihofu kwamba wangekufa bila mafundisho ya dini, akaamua kuwafundisha. Jambo lililomtofautisha na wengi ni kwamba alitambua kuwa viziwi wa mji ule tayari walikuwa na ishara zao. Alijifunza ishara hizo, akaziongezea nyingine alizozibuni ili zifuate sarufi ya Kifaransa, akafungua shule nyumbani mwake. Alipofariki mwaka 1789 njia yake ilikuwa imekwisha kuenea katika nchi kadhaa. Katika mji wa Caen, kaskazini mwa Ufaransa, padri mwingine, Pierre-François Jamet, aliwafundisha viziwi kwa ishara pamoja na masista wa Bon Sauveur.

Huko Ireland, daktari Charles Orpen, ndugu yetu Mprotestanti, alikuwa amefungua shule ya viziwi mjini Dublin mwaka 1816. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walikaa karibu miaka 30 bila kufanya jambo kama hilo. Mwaka 1845 Padri Thomas McNamara, wa shirika la Mtakatifu Vinsenti, pamoja na Monsinyori William Yore, waliunda chama cha Kikatoliki cha kuwahudumia viziwi. Kwa upande wa wasichana waliwaomba masista Wadominikani wa Cabra, ambao walikuwa walimu wa siku nyingi.

Masista wale walikubali, ingawa hawakujua jinsi ya kuwafundisha viziwi, na wala hawakujifanya wanajua. Mwaka 1846 wawili kati yao walivuka bahari hadi Caen, wakifuatana na wasichana wawili viziwi. Tuupime uzito wa safari hiyo. Maisha ya watawa wale yalikuwa ndani ya kuta za konventi, na safari ya ng'ambo haikuwa desturi yao. Tena nchi yao ilikuwa imeingia katika Njaa Kuu: tangu mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini, vilikuwa vinaoza shambani, na kabla balaa hiyo haijaisha watu wapatao milioni moja walikufa. Ingekuwa rahisi sana mtu kusema kwamba watu wanakufa kwa njaa, viziwi na wangoje. Masista hawakungoja. Walijifunza kwa miezi kadhaa, wakarudi, na mwaka uleule shule ikafunguliwa.

Sisi walimu hatuchoki kuitazama picha hiyo: masista wawili na wasichana wawili, wote wanne wanafunzi wa lugha moja. Kabla mwalimu hajasimama mbele ya watoto, alikaa kwanza kando yao.

Kazi ya kila siku

Yafaa mjue jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi hudhani kwamba kumfundisha kiziwi ni suala la huruma tu. Mtoto anayesikia huingia shuleni akiwa na maelfu ya maneno aliyoyaokota jikoni, njiani na mdomoni mwa bibi yake. Kiziwi ambaye nyumbani hakuna anayejua kuzungumza naye huingia akiwa na ishara chache za kuombea chakula na maji. Kwa hiyo mwalimu huonyesha kitu chenyewe, kisha ishara yake, kisha herufi zake kwa vidole, kisha maandishi. Kwa kikombe na mkate kazi ni nyepesi. Lakini «jana» utaionyeshaje? Na «kwa sababu» je? Na «neema»? Hapo mwalimu hana budi kuijua vizuri lugha ya ishara, ili aeleze wazo kwa mawazo ambayo mtoto tayari anayo.

Darasa nalo hupangwa kwa namna nyingine. Wanafunzi huwa wachache, nao huketi kwa nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya wenzake. Mwanga humwangukia mwalimu usoni. Akigeukia ubao ili aandike, amenyamaza, hata kama midomo yake inaendelea kusema. Mambo haya si magumu, ila yanadai mwalimu aikumbuke hali ya mtoto kila dakika na kuiweka mbele ya mazoea yake.

Kwa kuwa njia ya Cabra ilitoka Ufaransa, lugha ya ishara ya Ireland hadi leo ni jamaa ya ile ya Ufaransa. Alfabeti yake huonyeshwa kwa mkono mmoja, wakati jirani zao wa Uingereza hutumia mikono miwili. Mwaka 1857 mabruda walifungua shule ya wavulana viziwi, nayo ikiwa Cabra, lakini wavulana na wasichana hawakuchangamana. Kwa hiyo ishara za shule hizo mbili zilianza kuachana, hata kwa maneno ya kila siku. Msichana na mvulana walipochumbiana baada ya shule, iliwabidi kwanza wafundishane maneno. Wataalamu waliochunguza jambo hilo waliona kwamba mara nyingi mwanamke ndiye aliyeziacha ishara zake na kushika za mwanamume. Dada zetu wa vikundi vya vijana wataielewa habari hiyo bila maelezo zaidi.

Mwanafunzi akawa mwasisi

Tunda moja la Cabra linastahili kukumbukwa kwa jina. Sista Mary Gabriel Hogan, mzaliwa wa Dublin, alipoteza uwezo wa kusikia utotoni. Alisoma Cabra, akafundisha hapohapo, akaingia utawa wa Kidominikani. Mwaka 1875 alitumwa Australia, katika mji wa Newcastle, akaanzisha shule ya kwanza ya Kikatoliki ya viziwi katika nchi ile. Hakuhitaji mtu wa kumwelezea jinsi inavyokuwa kukaa darasani bila kusikia. Ishara za Ireland zilisafiri pamoja naye, zikapata wazungumzaji wapya upande wa pili wa dunia. Masista wengine Wadominikani kutoka Ireland waliipeleka kazi hiyo hata katika bara letu, huko Cape Town.

Tuangalie jambo hili vizuri. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa aliyetafutiwa kikazi kidogo pembeni. Alikuwa mwasisi, na shule yake ilisimama juu ya ujuzi ambao wenye kusikia hawakuwa nao.

Miaka ya mikono iliyofungwa

Sasa upande wa huzuni. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa nchi mbalimbali walikutana Milano, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Walipiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kuitazama midomo, na ishara ziondolewe. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zikafuata. Cabra iliendelea na ishara kwa zaidi ya miaka 60, lakini mwaka 1946 shule ya wasichana nayo ilishika njia hiyo ya midomo, na ile ya wavulana ikafuata mwaka 1957.

Nia yao haikuwa mbaya. Waliona kwamba mtoto akijifunza kusema, dunia ya wenye kusikia itamfungukia, na kwa wengine waliobakiwa na uwezo kidogo wa kusikia ilisaidia. Lakini maneno mengi hufanana midomoni. Hebu mtazameni mtu akisema «baba» na «mama» bila sauti, mtaona. Mtoto kiziwi alitumia saa nyingi kujifunza kutamka, na saa hizo hakuzipata kwa hesabu wala historia. Waliotumia ishara walitengwa na wenzao ili wasiwaambukize. Wanawake waliosoma huko wamesimulia kwamba walihimizwa kuziacha ishara wakati wa Kwaresima, kama mtu anavyoacha nyama. Lugha yenyewe ambayo masista wa kwanza waliivukia bahari sasa ilitajwa miongoni mwa vishawishi.

Kosa hilo liliingiaje katika nyumba iliyoanza vizuri namna ile? Kwa maoni yetu, liliingia pale ambapo wakubwa walikata shauri juu ya viziwi bila kuwauliza viziwi. Upendo ulikuwepo bado, na bidii vilevile. Kilichokosekana ni kile kiti kando ya mwanafunzi.

Ishara hazikufa. Wasichana walizitumia walipokuwa hawaonekani, wakubwa wakiwarithisha wadogo. Polepole mambo yaligeuka. Mwaka 2010, walimu wa viziwi walipokutana Vancouver, Kanada, walitangaza kuyakataa maazimio ya Milano na kuyasikitikia. Mwaka 2016 shule za wasichana na wavulana za Cabra ziliunganishwa kuwa moja. Na mwishoni mwa mwaka 2017 sheria ya Ireland iliitambua rasmi lugha ya ishara ya nchi hiyo.

Nasi je?

Katika Afrika yetu mlango mkubwa ulifunguliwa na kiziwi mwenyewe. Andrew Foster, Mmarekani mweusi na mhubiri wa Kiprotestanti, alianza Ghana mwaka 1957, akaanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za bara hili. Alifariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, jirani kabisa na sisi. Wengi wanaozungumza kwa ishara Afrika leo wanamdai shukrani.

Tukisoma Injili ya Marko sura ya saba, tunamwona Bwana wetu mbele ya kiziwi. Anamtoa kando ya umati, anagusa masikio na ulimi wake kwa vidole, anatazama juu mbinguni, na hapo tu anasema neno lake. Mikono ilitangulia. Kabla mtu yule hajasikia chochote, alikuwa amekwisha kuzungumziwa kwa namna aliyoweza kuielewa.

Si kila parokia inaweza kujenga shule. Lakini kila shirika la msingi linaweza kumtafuta yule mdogo anayezungumza na ndugu yake kwa mikono mlangoni mwa kanisa, na kumwomba awe mwalimu wetu kwa saa moja. Tuanze na ishara za «jina lako nani», «karibu», «kaa nami» na «umeelewa?». Sisi tulichelewa kumwomba. Ninyi bado mna nafasi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika shirika lenu kuna kiziwi yupi, na ni nani nyumbani kwake anayejua kuzungumza naye? Je, mnalijua jina lake?

2. Masista wa Cabra wa mwaka 1846 na wale wa mwaka 1946 wote walitaka mema. Ni nini kilichowatofautisha? Je, kikundi chetu huwauliza wale tunaotaka kuwasaidia, au huamua kwa niaba yao?

3. Sista Gabriel Hogan alikuwa mwanafunzi kisha mwasisi. Ni kazi gani ya parokia ambayo mwenzetu mwenye ulemavu angeweza kuiongoza tangu mwaka huu, na nani atakwenda kumwomba?