Kusasisha na Kupandisha Toleo

Mfumo endeshi ni programu kuu ya kompyuta. Ndiyo inayoshika usukani mashine inapowashwa, inayogawa kumbukumbu kwa programu nyingine, inayopeleka kurasa kwenye printa na kuamua nani aruhusiwe kufungua faili gani. Windows, macOS na Linux ni mifumo endeshi. Android ni mfumo endeshi wa simu. Istilahi yenyewe imeundwa vizuri: endesha imetoa endeshi kama jumuisha ilivyotupa elimu jumuishi na shirikisha ikatupa ulinzi shirikishi. Wanaopendelea kusema mfumo wa uendeshaji wanataja kitu kilekile, na hakuna anayepotea. Kinachopoteza watu ni kitenzi tunachotumia mfumo huo unapobadilishwa, na wanaoumia zaidi ni wenye kompyuta za zamani wanaojiuliza kama waweke toleo jipya au wabaki na walilonalo.

Kiingereza hutenganisha "update" na "upgrade". Mitaani kwetu yote mawili huwa kuapdeti, na katika maandishi mengi hugeuzwa kuboresha. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza Kiswahili tayari kina neno lake, kusasisha, linalotokana na sasa na lililokwisha kuzoeleka kwenye menyu za simu. Kusasisha ni kubaki na toleo lilelile huku ukipokea marekebisho yake, hasa viraka vya usalama, yaani vipande vya programu vinavyoziba matundu ambayo wahalifu wangeweza kupitia. La pili ni kuondoka kwenye toleo moja na kwenda jingine, kwa mfano kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Hilo ningependa tuliite kupandisha toleo. Kuboresha halifai, kwa sababu limetokana na bora na linatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: linamwambia mtu kwamba akishabadilisha atakuwa na mashine nzuri zaidi, wakati kompyuta yenye RAM kidogo inaweza kuwa nzito kuliko ilivyokuwa jana. Kupandisha hakuahidi hivyo. Tunajua kituo cha afya kinaweza kupandishwa hadhi kuwa hospitali, na kila mtu huuliza palepale: je, vitanda, madaktari na vifaa vipo? Swali hilohilo ndilo linalotakiwa kuulizwa kuhusu kompyuta.

Ushahidi kwamba tofauti hii ina uzito ulionekana tarehe 12 Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilipoanza kufunga mafaili ya watu na kudai malipo ya kuyafungua. Kilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza kilivuruga hospitali za huduma ya afya ya taifa, na ikakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Wengi walikimbilia kulaumu Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Uchunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya Uingereza ulionyesha jambo jingine: mashine nyingi za hospitali zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, toleo ambalo wakati huo bado lilikuwa likihudumiwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla, ila hakikuwekwa. Mashine hizo hazikuhitaji toleo jipya ili zinusurike, zilihitaji kusasishwa. Aliyeambiwa tu "boresha mfumo wako" angeweza kuahirisha kwa kuogopa gharama ya toleo jipya, kumbe dawa ilikuwa ya bure.

Hapo ndipo kanuni ya uamuzi inapopatikana. Toleo la zamani linalopokea viraka ni salama kutumia; la kuangalia ni tarehe viraka vitakapokoma. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Nje ya mpango huo hakuna tena cha kusasisha, na kupandisha toleo kunakuwa hitaji halisi. Lakini Windows 11 ina masharti: RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Chukua HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, aina ya laptopu inayouzwa sana kwenye maduka ya mtumba ya Nairobi na Dar es Salaam. Prosesa yake ni ya kizazi cha 6, kwa hiyo imeachwa nje hata ukiiongezea RAM na kuibadilishia diski. Anayetaka kujua hali ya chipu katika mashine yake abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike tpm.msc, kisha asome namba ya toleo.

Wapo watakaosema kwamba masharti hayo yanakwepeka, na kweli mafundi wanajua njia za kuiweka Windows 11 kwa nguvu. Ila Microsoft yenyewe inasema mashine zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupokea masasisho. Mtu anapandisha toleo kwa ajili ya viraka, halafu anapoteza uhakika wa viraka vyenyewe. Wengine hutegemea programu ya kuzuia virusi, nayo ina kazi yake, lakini haiwezi kuziba tundu lililo ndani ya mfumo endeshi. Mwenye steshenari atasema kompyuta yake haigusi intaneti. Hatari kweli inapungua, ingawa flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima. Hoja nzito zaidi ni kwamba tarehe hizi zinawasaidia watengenezaji kuuza mashine mpya huku kompyuta nzima zikigeuzwa taka. Lawama hiyo ina haki yake, ila haimlindi mwenye mashine. Kinachomlinda ni njia ya tatu: kuhamia mfumo endeshi mwingine, kama Ubuntu, ambayo matoleo yake ya muda mrefu hupewa viraka kwa miaka 5 bila malipo na hufanya kazi kwenye EliteBook ile ile. Gharama yake ni kujifunza upya, na programu kadhaa za Windows hazitamfuata. Kabla ya kuhama ahakikishe programu anayoitegemea kwa kazi zake ina mbadala.

Mwisho wapo wanaoona kwamba kubishania vitenzi ni anasa, kwa kuwa fundi anaelewa ukisema kuapdeti. Fundi anaelewa, mteja ndiye anayelipia bila kujua amenunua nini. Basi, mwenye kompyuta ya zamani, nenda kwa fundi na maswali matatu: toleo nililonalo litapewa viraka hadi lini, viraka vyote vilivyotoka vimewekwa, na mashine yangu inatimiza masharti ya toleo linalofuata? Kama viraka bado vinatoka, sasisha na ubaki ulipo. Kama vimekoma na masharti yanatimia, nakili mafaili yako kwanza, kisha pandisha toleo. Kama vimekoma na masharti hayatimii, hamia mfumo mwingine au iondoe mashine hiyo kwenye intaneti.