Saa Tisini na Tano Angani

Tarehe 21 Novemba 1917 zeplini moja ya jeshi la majini la Ujerumani iliachia ardhi mjini Jamboli, Bulgaria, ikaelekea kwetu. Nasema kwetu bila kutia chumvi. Ilikuwa inakwenda kwenye uwanda wa Makonde, huko Newala, ambako leo watu husimama ukingoni pa Shimo la Mungu kupiga picha. Jina lake ilikuwa L 59. Urefu wake ulikuwa mita 226 na nusu, yaani viwanja viwili vya mpira ukiviunganisha na bado inabaki. Ilibeba watu ishirini na kitu na shehena ya karibu tani 15: risasi zaidi ya laki tatu, bunduki za rashasha thelathini, dawa na bandeji.

Aliyekuwa akipelekewa shehena hiyo ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani Afrika Mashariki. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Baada ya mapigano ya Mahiwa, mwezi Oktoba, alikuwa amesukumwa hadi kona ya mwisho ya koloni, na njia yake ya kurudi nyuma ukiisoma ni kama kondakta anayeita vituo: Chiwata, Nambindinga, Kitangari, Newala.

Kuna jambo moja katika mpango wa safari hii ambalo wanahistoria hulitaja haraka wakapita, nami hulirudia kila mara. Zeplini ile haikupangiwa kurudi. Newala hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza upya, kwa hiyo ingefika, ingechanwa na kugawanywa kama ng'ombe wa sherehe. Kitambaa chake cha nje kingekuwa mahema na nguo, mifuko ya gesi ingekuwa bandeji, ngozi iliyotandikwa njia za ndani ingeshonwa viatu. Mabaharia wangejiunga na vita vya porini. Daktari aliyekuwamo, Max Zupitza, alikuwa anakuja kutibu, hakuwa na tiketi ya kurudi. Chini ya amri ya Ludwig Bockholt, watu hawa walipanda chombo wakijua kwamba kwao hawatapaona mpaka vita viishe.

Walivuka Uturuki, wakapita karibu na Krete, wakaingia Afrika kwenye pwani ya Misri. Mchana jua la jangwani liliipasha gesi, ikatanuka na nyingine ikatoka. Hewa ya moto iliyopanda kutoka mchangani ilikirusha chombo juu na chini, hata mabaharia waliozoea mawimbi wakatapika. Mwanga ulioakisiwa na mchanga uliwaumiza macho na vichwa. Usiku baridi ilishuka, gesi ikasinyaa, zeplini ikawa nzito. Iliwabidi watupe vitu ili wasianguke. Injini moja ilikufa, na ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kutuma ujumbe wa redio. Kuanzia hapo waliweza kusikia tu, kusema hawakuweza.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa magharibi ya Khartoum, walisikia. Kituo cha redio cha Nauen, karibu na Berlin, kiliwaambia wageuze: Lettow-Vorbeck ameshapoteza sehemu kubwa ya uwanda, hakuna pa kutua. Utasikia ikisimuliwa kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe wa uongo kwa Kijerumani. Ni hadithi tamu, lakini amri ilitoka kwa wakubwa wao wenyewe.

Wakageuza. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba walitua Jamboli, palepale walipoondokea. Walikuwa wamekaa angani saa 95 bila kugusa ardhi na kupita kilomita 6,757, umbali ambao kwa mstari ulionyooka ungewafikisha Newala na kubakiza akiba. Walioteremka walikuwa hoi. Vichwa viliwauma, wengine walikuwa wameanza kuona vitu visivyokuwapo. Ndani ya siku nne walikuwa wamekwenda ng'ambo na kurudi, na ng'ambo yenyewe hawakuikanyaga.

Habari hii niliisoma nikiwa mwanafunzi Leeds, na kwa muda mrefu niliipenda kama watu wote wanavyoipenda: rekodi, ujasiri, saa zinazohesabika. Kilichonibadilisha mawazo ni safari yangu mwenyewe ya kurudi nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Lulindi, chini ya uwanda, upande wa Masasi. Niliitwa kwa sababu babu alikuwa mgonjwa na alikuwa ananiulizia. Manchester hadi Doha, Doha hadi Dar es Salaam. Kitaalamu ndege haichoshi kwa umbali. Tofauti ya saa kati ya Uingereza na Tanzania ni mbili au tatu tu, mwili hauna sababu ya kulalamika. Kinachochosha ni usiku uliokaliwa badala ya kulaliwa, na hewa. Shinikizo la hewa ndani ya ndege hushushwa hadi kulingana na mlima wa mita 1,800 na zaidi, ilhali uwanda wa Makonde wenyewe haufiki mita 1,000, na ukavu wake hupasua midomo. Unafika umevimba miguu kama mtu aliyetembea, nawe ulikuwa umekaa.

Ndege ya Mtwara niliyokuwa nimeikatia tiketi haikuruka. Tulisubiri tangu alfajiri, tukaambiwa kesho, na hiyo kesho haikuwa na saa. Nilikwenda kulala kwa shangazi, Kariakoo, nikapanda basi la alfajiri. Rufiji, Lindi, Mingoyo, Ndanda, Masasi, halafu bodaboda katika vumbi. Tangu mlango wa chumba changu Leeds nilikuwa nimemaliza siku tatu, na moja tu kati ya hizo ilikuwa ya angani.

Babu nilimkuta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akaleta utani wake wa siku zote.

"Mchumba, umelala wapi njiani?"

Nikamwambia nimelala kwenye ndege usiku mmoja, kwa shangazi usiku mmoja.

"Wa ndege si kulala. Umelala mmoja." Akafikiri kidogo. "Baba yangu alichukuliwa Chiwata na mzigo wa Wajerumani. Alirudi baada ya mavuno mawili."

Hilo tu ndilo alilolisema siku ile kuhusu vita. Baada ya wiki mbili tulimzika.

Tangu hapo siwezi kuisoma tarehe 25 Novemba 1917 kama zamani. Siku hiyohiyo ambayo mabaharia waliteremka Jamboli wakipepesuka, Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Alikuwa ameacha nyuma wagonjwa na majeruhi kwa mamia, kwa sababu dawa zilikuwa zimekwisha, na zilizokuja zilikuwa zimegeukia Sudani. Alivuka na Wajerumani takriban 300, askari weusi takriban 1,700 na wapagazi takriban 3,000. Idadi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyo na majina. Hao ndio waliokuwa zeplini ya kweli ya vita hivi. Kila risasi, kila sufuria, kila machela ilikaa juu ya kichwa au bega la mtu. Upande wa Waingereza nao ulikuwa na wapagazi wake, na wakafa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kambi yao ya Dar es Salaam, ile ya Carrier Corps, ndiyo iliyouachia mtaa wa shangazi yangu jina la Kariakoo.

Kuhusu watu wa L 59 tunajua injini ipi ilikufa na dakika ngapi walikaa hewani. Kuhusu baba wa babu nina neno "mavuno mawili". Sidai kwamba kuumwa kichwa kwa baharia wa Kijerumani si kitu. Nimeshuka kwenye ndege nikiwa nimelewa usingizi, naelewa. Ninachodai ni kwamba uchovu ule ulipata karani wa kuuandika na huu haukupata, na tukiisimulia L 59 peke yake tunaendeleza kazi ya karani yule.

Zeplini yenyewe haikuishi. Tarehe 7 Aprili 1918 iliwaka moto juu ya mlangobahari wa Otranto, karibu na Italia, Bockholt na wote waliokuwamo wakafa. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya kuvuka Ruvuma. Watu wake walipelekwa hadi Tabora, ambako homa ya mafua ya mwaka ule iliwakuta kambini na kuua wengi. Wajerumani waliobaki walipandishwa treni hadi Dar es Salaam, kisha meli. Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipita Berlin juu ya farasi, akishangiliwa.

Aliyetoka Chiwata na mzigo hakuwa na treni ya kwao. Usafiri wa anga ulikuja kufika kusini miaka ishirini baadaye, mwaka 1937, pale ndege za baharini za Imperial Airways, zikitoka Southampton kwenda Durban na mifuko ya barua, zilipoanza kutua kwenye ghuba ya Lindi. Reli ilifika Masasi mwaka 1958, kutokana na ule mradi wa karanga wa Nachingwea uliokuwa umeshakufa, na mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mwaka 1919, kutoka Tabora hadi chini ya uwanda, palikuwa na miguu.