Mcheza kwao hutunzwa: Historia ya mashabiki wa skii wa Dartmouth

Kengele husikika kabla mchezaji hajaonekana. Zinaanza kulia juu mlimani, ambako macho ya waliosimama chini hayafiki. Zinapokelewa na za katikati, kisha za karibu, mpaka kijana anachomoza kwenye kona ya mwisho, magoti kayakunja, theluji ikitimka nyuma ya skii zake, vile vibao virefu vya kutelezea, kama vumbi nyuma ya basi la mikoani. Ni kengele za bati, za aina ile wafugaji wanayowafunga ng'ombe shingoni. Shabiki wa skii huzibeba kwa sababu amevaa glavu nene, na makofi ya glavu hayasikiki.

Ndivyo timu ya nyumbani inavyoshangiliwa katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Machi 2025 chuo hicho kilikuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya skii ya vyuo. Kila chuo hupeleka wachezaji wasiozidi 12, wanaume 6 na wanawake 6. Nusu yao hushuka mlima wakipinda kati ya nguzo, nusu hukimbia mbio ndefu za nyika, na pointi za wote hutiwa kapu moja. Methali yetu yasema mcheza kwao hutunzwa. Lakini watu wa Hanover hawakuikuta "kwao" hiyo ikiwangoja. Waliijenga kwa mikono yao.

Mwanzoni mwa karne ya 20, majira ya baridi Hanover yalikuwa ya kujifungia ndani. Theluji ilifunika kila kitu kwa miezi, na wanafunzi walikaa karibu na moto wakihesabu siku. Mwaka 1909 mwanafunzi mmoja, Fred Harris, aliandika barua katika gazeti la chuo akipendekeza iundwe klabu ya michezo ya nje, ili baridi igeuzwe kuwa msimu wa kucheza. Klabu ikaundwa, na mwaka 1911 ikafanyika sherehe ya kwanza iliyoitwa Kanivali ya Majira ya Baridi. Mwaka 1920 Harris aliandika habari za skii katika jarida la National Geographic, na jina la chuo likasafiri mbali.

Wanafunzi hawakuishia kwenye sherehe. Mwaka 1922 ulisimamishwa mnara wa kurukia kwa skii, na umati ukawa unakusanyika bondeni kila Kanivali, shingo juu, kumwangalia mtu akiiacha ardhi. Mwaka 1927 klabu iliandaa mbio za kuteremka barabara ya zamani ya magari ya farasi kwenye mlima Moosilauke, zinazohesabiwa miongoni mwa mbio za kwanza za mteremko nchini Marekani. Mwaka 1935, kwenye kilima cha Oak Hill, ilifungwa kamba ya chuma yenye vishikio vya kuwavuta wachezaji hadi juu, mtambo wa kwanza wa aina yake nchini humo.

Walimu nao walitoka mbali. Walter Prager, Mswisi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za mteremko mwaka 1931, aliifundisha timu kwa miaka mingi. Mikononi mwake alipita Chiharu Igaya, kijana wa Kijapani aliyesoma Dartmouth. Mwaka 1956, akiwa bado mwanafunzi, Igaya alitwaa medali ya fedha ya slalomu, mbio za kupinda kati ya nguzo, katika Olimpiki ya Cortina, Italia. Ilikuwa medali ya kwanza ya Japani katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mwaka huohuo chuo kilifungua uwanja wake wa mlimani, Dartmouth Skiway, katika mji jirani wa Lyme.

Miaka miwili baadaye, 1958, taifa likaja kucheza hapo. Mashindano ya taifa ya vyuo yalikuwa yameanza mwaka 1954, na ubingwa wa mara zote nne ulikuwa umekwenda kwa Chuo Kikuu cha Denver, kule kwenye milima mirefu ya magharibi. Wakati huo timu ilipimwa kwa mambo manne: mteremko, slalomu, mbio za nyika na kuruka. Chini ya kocha Al Merrill, Dartmouth, ikicheza kwenye mlima wake yenyewe, iliivua Denver taji. Kilikuwa chuo cha kwanza cha mashariki kutwaa ubingwa huo.

Kilichofuata kilihitaji subira. Mwaka 1976 Dartmouth iligawana taji na Chuo Kikuu cha Colorado. Kuruka kuliondolewa kwenye mashindano ya vyuo, na mnara wa 1922 ukabomolewa mwaka 1993. Jambo kubwa zaidi lilikuwa la wanawake: chuo kilianza kuwapokea kama wanafunzi kamili mwaka 1972, na tangu 1983 pointi zao na za wanaume hujumlishwa kutafuta bingwa mmoja. Timu ya namna hiyo, wasichana na wavulana pamoja, ndiyo iliyolirudisha taji Dartmouth mwaka 2007, tena ndani ya jimbo la New Hampshire.

Mwaka 2025 mbio za kupinda kati ya nguzo zilifanyika Skiway na za nyika Oak Hill, kilima kilekile cha kamba ya mwaka 1935. Katika mbio za nyika shabiki hakai mahali pamoja. Hukimbia pembeni ya mchezaji kwenye mwinuko, akimpigia kelele karibu na sikio, mpaka pumzi inamwishia yeye kwanza. Ubingwa ulikwenda kwa Chuo Kikuu cha Utah.

Mlima ule haujapoteza heshima kwa hilo, kwani Hanover ilijenga mahali pa kushindana kabla ya kudai ushindi. Walimu wa michezo na wazazi wa shule zetu, mnaotamani uwanja ujae siku ya mechi, anzeni hapo: waiteni wanafunzi na majirani waje kuusawazisha uwanja, wachore mistari, wapande miti ya kivuli. Aliyeshika jembe leo ndiye atakayeshangilia kesho hadi sauti imkauke, timu ikishinda au ikifungwa.